Nyumba na Matumizi: Mashine ya Gemu na Daraja la Tajiri

Juma hili tunaiweka kando habari ya unga, mkaa na sare za shule, tuitazame mashine moja ndogo ambayo imeingia katika nyumba nyingi za askari na polisi, na ambayo imezua ugomvi mkubwa kuliko umbo lake. Ni mashine ya michezo ya televisheni, ile ambayo vijana wetu huiita gemu tu, na wengine huiita PlayStation hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Hapa Gatumba, ukiiacha barabara kuu iendayo Uvira na kuingia mitaani wakati wa jioni, utasikia watu wakishangilia goli mahali ambapo hakuna uwanja wala mpira. Ni vibanda vya gemu hivyo. Kijana hulipa faranga zake, hushika pedi, hucheza mechi moja, kisha humpisha mwenzake.

Mzazi ambaye hajapata kununua mashine hii hudhani kwamba ni kama redio. Redio ukiinunua, iwe ya Kijapani au ya Kiholanzi, itashika Bujumbura, itashika Bukavu, na usiku hali ya hewa ikiwa nzuri itashika hata nchi za mbali. Mtangazaji hajui wala hajali redio yako imetoka kiwanda gani. Mashine ya gemu sivyo ilivyo. Diski ya PlayStation haichezi katika Xbox, wala ya Xbox haichezi katika Nintendo. Tena iko michezo ambayo hutolewa kwa mashine moja tu, na aitakaye hana budi kuinunua mashine hiyo. Aghalabu jambo hili halitokani na ufundi. Mafundi wangeweza kuutengeneza mchezo uleule kwa mashine zote, na mara nyingi hufanya hivyo. Linatokana na biashara, na baba au mama atoaye fedha nyumbani anastahili kuijua biashara hiyo kabla hajafungua mkoba.

Wakaaji wa Gatumba wana mfano wake karibu nao. Atakaye kwenda Bujumbura kwa gari sharti apite daraja la Rusizi. Sasa tuseme daraja lile lisingekuwa la umma, bali la tajiri mmoja. Tajiri yule angeweza kulijenga kwa hasara, na mtu akaona ni mkarimu. Lakini kwa kila kikapu cha ndagala kipitacho angetwaa faranga 30 katika kila faranga 100. Je, angehitaji kupata faida katika mawe na chuma cha daraja? La. Angehitaji jambo moja tu, kwamba watu wapite kwake na si kwa jirani yake. Ndivyo wafanyavyo wenye mashine za gemu. Mwezi wa Mei 2021, katika kesi iliyosikilizwa Marekani baina ya kampuni za Epic na Apple, ofisa wa Microsoft aliulizwa kama kampuni yake hupata faida katika kuuza mashine za Xbox. Akajibu kwamba haijapata kuipata. Faida yao hutoka katika michezo, kwa maana kila mchezo uuzwao katika duka la mashine, mwenye mashine hukata fungu lake, ambalo kwa kawaida ni kiasi cha asilimia 30. Basi mashine unayouziwa kwa bei iliyopunguzwa ni daraja, na familia yako ndiyo wapita njia.

Desturi hii ilianza kwa balaa. Mwaka 1979 watengenezaji wanne wa michezo waliondoka katika kampuni ya Atari ya Marekani kwa kuwa hawakutajwa majina wala kulipwa vema, na pamoja na wenzao wakaanzisha kampuni yao, Activision, ikauza michezo ya kuchezwa katika mashine ya Atari. Atari ikashitaki, lakini mlango ulikuwa umekwisha funguka. Kila mwenye mtaji akatengeneza mchezo wake, mwingi ukawa hovyo, na mwaka 1983 soko la Marekani likaanguka. Madukani katriji zilimwagwa makapuni na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Kampuni ya Nintendo ya Japani ililitazama anguko lile ikajifunza. Ilipoingiza mashine yake Marekani mwaka 1985, iliweka ndani kitasa cha umeme. Katriji isiyo na ufunguo wa Nintendo haikuchezeka. Aliyetaka ufunguo alitia sahihi mkataba, na mkataba ule ulikuwa mkali kama amri ya jeshi. Mtengenezaji hakuruhusiwa kutoa zaidi ya michezo mitano kwa mwaka. Katriji zote zilitengenezwa na Nintendo mwenyewe, nazo hulipiwa mbele. Na mchezo uliotolewa kwa Nintendo haukuruhusiwa kutolewa kwa mashine nyingine kwa muda wa miaka miwili. Konami, kampuni ambayo vijana wetu waijua kwa mpira wake, ilipoona michezo mitano haitoshi, ilifungua kampuni ya pili kwa jina la Ultra ili ipewe mitano mingine. Binadamu ni yuleyule, awe Tokyo au sokoni kwetu.

Kiburi cha Nintendo ndicho kilichomzaa mshindani wake. Ilikuwa imekubaliana na Sony kuunda kifaa cha diski. Mwezi wa Juni 1991, katika maonyesho ya Chicago, Sony ilikitangaza kifaa hicho, na kesho yake Nintendo ikatangaza kwamba itafanya kazi na Philips ya Uholanzi. Aibu ile haikusahauliwa. Tarehe 3 Desemba 1994 Sony ilitoa PlayStation yake yenyewe nchini Japani, ikitumia diski ambazo gharama yake ni ndogo na nafasi yake ni kubwa. Nintendo ikang’ang’ania katriji. Matokeo yake ni kwamba kampuni ya Square, ambayo mfululizo wake wa Final Fantasy ulikuwa umeipamba Nintendo kwa miaka mingi, ilihamia kwa Sony, na mwaka 1997 ikatoa Final Fantasy VII katika diski tatu. Wachezaji wa Japani walioupenda mchezo ule wakauhama mji wa zamani pamoja nao. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mtu hafuati mashine. Hufuata kile anachokipenda kilichofungiwa ndani yake.

PlayStation 2 ilitoka Machi 2000, ikauzwa zaidi ya mashine milioni 150, ambayo ni hesabu kubwa kupita mashine nyingine yoyote ya gemu. Hatuwezi kuitaja mashine ile sisi tukaao mpakani bila kuukumbuka mwaka ule kwa jambo jingine. Mashine hizi, kama simu za mkononi na kompyuta, zina ndani yake vijipande vya madini ya tantali, yatokayo katika koltani. Mwishoni mwa mwaka 2000 viwanda viligombea madini hayo, bei ikaruka mara nyingi juu ya kawaida yake, kisha mwaka 2001 ikaporomoka. Katika milima ya Kivu, ng’ambo ya mpaka wetu, watu waliacha mashamba wakaenda kuchimba, na wenye bunduki wakaigombania migodi. Gemu haikuwa sababu pekee, wala pengine haikuwa kubwa kuliko simu, lakini ilikuwamo.

Microsoft iliingia vitani mwaka 2001 kwa Xbox, na silaha yake ilikuwa mchezo mmoja uitwao Halo. Mchezo huo ulikuwa umeonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999 katika jukwaa la Apple, naye Steve Jobs akausifu kama mchezo wa kuchezwa katika kompyuta zake. Mwaka uliofuata Microsoft iliinunua kampuni nzima iliyokuwa ikiutengeneza, na Halo ukawa wa Xbox. Hii ndiyo njia ya pili ya kufungia mchezo. Badala ya kumfunga mtengenezaji kwa mkataba, unamnunua yeye na nyumba yake.

Njia hiyo ilifika kilele chake Januari 2022, Microsoft ilipotangaza kuinunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7. Ndiyo, Activision ileile ya waasi wa mwaka 1979. Sony ikapiga kelele, ikisema kwamba Call of Duty, mchezo wa vita ambao askari vijana wengi waujua, utaondolewa katika PlayStation. Serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani kuuzuia ununuzi. Wakaguzi wa biashara wa Uingereza waliukataa Aprili 2023. Microsoft ikaahidi kwa maandishi kwamba Call of Duty utabaki katika mashine za wenzake kwa miaka kumi, ikaachia haki fulani kwa kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft, na tarehe 13 Oktoba 2023 ununuzi ukakamilika.

Msomaji angetegemea kwamba baada ya kutoa fedha zile zote, Microsoft ingefunga milango. Imefanya kinyume. Februari 2024 ilitangaza kwamba michezo yake minne itapelekwa kwa mashine za wapinzani. Mwaka 2025 Forza Horizon 5 na Gears of War, vipenzi vya Xbox, viliingia katika PlayStation 5. Na Oktoba 2025 ikatangazwa kwamba Halo yenyewe, katika sura mpya, itatolewa kwa PlayStation 5 mwaka 2026. Sony nayo imekuwa ikiitoa michezo yake kwa kompyuta za kawaida, na Agosti 2025 mchezo wake Helldivers 2 uliingia katika Xbox. Sababu ni hesabu. Mchezo mkubwa wa siku hizi hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka mingi, na gharama yake haiwezi kurudishwa na wapita njia wa daraja moja. Ni Nintendo peke yake ambaye bado anaulinda ukuta wake wote. Mario hauzwi katika mashine ya jirani.

Lakini najua kwamba hapa kwetu kijana haulizi Halo. Huuliza mpira, na katika mpira kufungiwa kuna sura yake. Hapo mchezo waweza kutolewa kwa mashine zote, ila majina ndiyo yanayofungiwa. Kwa miaka mingi kampuni mbili, EA ya Marekani na Konami ya Japani, ziligombania haki ya kutumia majina, nembo na jezi za kweli. Wale waliocheza mpira wa Konami miaka ile wanakumbuka walivyokuwa wakiichagua timu iitwayo Man Red au Merseyside Red, wakijua wazi ni Manchester United au Liverpool iliyovikwa jina la kubuni. Ndugu yetu Saido Berahino, mzaliwa wa Bujumbura, alipokuwa akiichezea West Bromwich Albion, mtoto wa Burundi aliyetaka kumwona katika jezi na jina halisi la klabu yake ilimpasa acheze mpira wa EA. Konami nayo ilishika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kwa miaka kumi, hadi mwaka 2018, ikahamia kwa EA. Mwaka 2019 Konami ikajipatia Juventus peke yake, na katika FIFA 20 klabu ile tukufu ikaitwa Piemonte Calcio, kama mtu aliyebadilishiwa jina katika kitambulisho. Na mwaka 2022 EA na FIFA wenyewe walitengana baada ya miaka ipatayo 30, hata tangu Septemba 2023 mchezo ule unaitwa EA Sports FC. Vibandani hata leo wanasema twende tukacheze FIFA, nami sioni kosa.

Sasa nije kwenye barua. Mama mmoja wa hapa Gatumba, mke wa askari, ameandika kwamba mumewe aliyekuwa Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika ameweka akiba kidogo. Kiwanja kimelipiwa, cherehani imenunuliwa, na mtoto wao wa kiume aliyefaulu darasani ameahidiwa gemu. Kijana ataka PlayStation 5. Muuzaji mjini amewaonyesha mbili, moja ikiwa rahisi kuliko nyingine, na anasema zote ni sawasawa. Mama anauliza: “Ndugu mwandishi, kama ni sawasawa, kwa nini bei si moja? Naogopa fedha ya jasho la baba yao isije ikageuka pambo la mezani.”

Dada yangu, hofu yako ina msingi. Ile ya bei ndogo haina mahali pa kuingizia diski. Xbox iitwayo Series S nayo iko hivyo, ndiyo maana ilitoka kwa dola 299 mwaka 2020, wakati PlayStation 5 yenye diski ilitoka kwa dola 499. Mashine isiyo na diski hupata michezo kwa njia moja tu, nayo ni kuinunua katika duka la kampuni kwa intaneti. Hapo daraja ni moja kwelikweli. Huwezi kununua mchezo uliokwisha tumika. Huwezi kuazima kwa jirani, wala kuuza ulipouchoka. Tena mchezo mmoja mkubwa ni makumi ya gigabaiti. Anayenunua intaneti kwa vocha za simu ataumaliza mshahara kabla mchezo haujamaliza kushuka, na umeme ukikatika katikati atangoja upya. Kisha malipo ya duka lile yanataka kadi ya benki ikubaliwayo nje, au vocha za kampuni zitokazo nchi nyingine, na huko matapeli ni wengi.

Uhuru wa kupeana diski si kitu kidogo, na kampuni zenyewe zalijua. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One itaweka masharti juu ya michezo iliyotumika na kutaka mashine iunganishwe na intaneti kila saa 24. Sony ikatoa filamu fupi sana ya kuwafundisha watu namna ya kuazimana mchezo katika PlayStation 4: mtu mmoja anampa mwenzake diski, mwenzake anasema asante, basi. Dunia ilicheka, na kabla mwezi wa Juni haujaisha Microsoft ikafuta masharti yake. Katika kambi ambamo familia kumi zinakaa ukuta kwa ukuta, diski moja ni ya watoto wa nyumba kumi.

Upande wa pili lazima niuseme pia. Aprili 2020 Rusizi ilipofurika na kuingia katika nyumba za Gatumba, na katika mafuriko yaliyofuata, watu walihama na walichoweza kubeba kichwani. Mchezo ulionunuliwa kwa intaneti haubebwi na maji. Umeandikwa kwa jina lako katika hesabu ya kampuni, na ukipata mashine nyingine ya aina ileile utaushusha tena. Ila sikiliza neno hilo, ya aina ileile. Ukihama kutoka PlayStation kwenda Xbox, michezo yote uliyokwisha ilipia hubaki ng’ambo. Mtu mwenye michezo ishirini hahami kwa urahisi, hata akichoka na bei. Kufuli hili halina chuma, lakini ni gumu kuliko lile la Nintendo la mwaka 1985, maana umelitengeneza mwenyewe kwa fedha yako, kidogo kidogo.

Kwa nyumba yako, mimi ningenunua PlayStation 4 iliyotumika, yenye diski, nzima, na fedha ibakiyo ningeiweka katika mlango na madirisha ya kile kiwanja. Mashine hiyo ilitoka mwaka 2013, hata hivyo mpira wa EA Sports FC 26, uliotoka Septemba 2025, ulitengenezwa kwa ajili yake pia. Usingoje PlayStation 5 ishuke bei kama zilivyoshuka za zamani. Agosti 2025 Sony iliipandisha bei kwa dola 50 huko Marekani, jambo ambalo miaka ya nyuma halikuwa desturi kwa mashine iliyokwisha kaa miaka mitano sokoni.

Kijana atalalamika, na malalamiko yake yana haki kiasi fulani, kwa kuwa mashine ya zamani hufika siku ikaachwa. Atazame PlayStation 2 zilizosalia vibandani. Mpira wa mwisho kutengenezwa kwa ajili yake ulitoka mwaka 2013, na humo Messi bado yupo Barcelona. Uko tena mchezo mmoja ambao ninasikitika kwamba hataupata katika PlayStation 4. Waitwa Tales of Kenzera: Zau, nao ulitoka Aprili 2024. Aliyeuanzisha ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, akiomboleza kifo cha baba yake. Ni safari ya mganga kijana anayetaka baba yake arudishwe kutoka kwa mauti, na imejengwa juu ya visa vya Wabantu. Jambo la kutufurahisha ni kwamba wahusika wake wanaweza kusemeshwa Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho. Haukufungiwa mashine moja. Ulitolewa kwa PlayStation 5, Xbox mpya, Nintendo Switch na kompyuta kwa pamoja, lakini PlayStation 4 haimo. Kuwa wazi kwa wote hakukuuletea utajiri. Miezi michache baadaye kampuni iliyoutengeneza ilipunguza wafanyakazi. Kama kuna kompyuta yenye nguvu katika ofisi ya shangazi au mjomba, kijana anaweza kuomba kuuona huko, jioni, kwa adabu.

Siku ya kununua, nendeni watu wawili, na diski yenu ya kuazima mkononi. Iingizeni, chezeni mechi nzima, msikilize kama feni inanguruma. Jaribuni pedi zote mbili. Muuzaji afute jina la mwenye mashine wa kwanza mbele ya macho yenu na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, maana mashine yenye jina la mtu mwingine yaweza kukataa siku yoyote. Tazameni pia waya wa umeme, na mnunue kifaa cha kuzuia umeme unaoruka, ambacho bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na mashine.

Wale walioandika juu ya friji ya gesi na ile ya umeme, barua zao zimefika, nazo tutazishughulikia juma lijalo.